Nani Mwenye Wajibu wa Kuhifadhi Kurasa za Wavuti za Kiswahili?

Maandishi yanayochapishwa katika wavuti, yaani kurasa zinazosomwa kwa kivinjari kupitia intaneti, hudhaniwa na wengi kuwa hayafutiki, kwa sababu picha ya aibu au kauli ya kiongozi ikishasambaa huibuka tena na tena hata mwenyewe akiikana. Dhana hiyo inachanganya kusambaa na kudumu, ilhali mambo hayo mawili hayafanani. Kinachosambaa hunakiliwa na watu wengi kwa siku chache kisha husahauliwa; kinachodumu ni kile ambacho mtu au taasisi fulani imekabidhiwa wajibu wa kukitunza, na sehemu kubwa ya wavuti haina mtu wala taasisi ya namna hiyo. Mwaka 2024 Kituo cha Utafiti cha Pew cha Marekani kilionyesha kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo mwaka 2013 hazikuweza kufunguliwa tena ilipofika Oktoba 2023, na kwamba katika makala za Wikipedia ya Kiingereza zilizochunguzwa, asilimia 54 zilikuwa na angalau kiungo kimoja cha marejeo kisichompeleka msomaji popote.

Kwa wasomaji na waandishi wa Kiswahili takwimu hizo zina uzito wa pekee. Hotuba za viongozi, ripoti za tume, habari za magazeti, mijadala ya lugha, mashairi na mawaidha yaliyoandikwa katika miaka 25 iliyopita yamewekwa kwa wingi katika wavuti, na mengi kati ya hayo hayakuwahi kuchapishwa kwenye karatasi. Hoja ya makala haya ni kwamba kupotea kwa maandishi hayo si ajali bali ni matokeo ya kawaida ya namna wavuti ilivyoundwa, na kwamba hakutazuiliwa na wema wa watu wa mbali peke yake, bali na wajibu wa kisheria uliokabidhiwa taasisi za nchi ambazo maandishi hayo yanazihusu.

Kwa nini ukurasa hupotea

Kitabu kikishachapwa huwa kitu kamili kinachoweza kukaa kabatini miaka mia bila mtu kukigharimia, lakini ukurasa wa wavuti huundwa upya kila unapoombwa, na ili uonekane ni lazima mambo kadhaa yafanye kazi kwa wakati mmoja. Panahitajika seva, yaani kompyuta inayohifadhi maudhui na kuyatuma kwa anayeyaomba. Jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, ambayo hukodiwa kwa muda maalumu na kulipiwa tena muda huo unapokwisha. Hifadhidata inayotunza matini na picha. Na programu inayoviunganisha vyote hivyo na ambayo isiposasishwa huwa mlango wa wavamizi. Kimojawapo kikikatika, kwa mfano mhasibu asipolipia kikoa au fundi aliyekuwa na nywila akahama kazi, tovuti nzima hutoweka siku moja, na msomaji hupokea ujumbe wa 404, ambao ni namba ya kiufundi inayotumwa na seva kueleza kwamba ukurasa ulioombwa haukupatikana.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni pale anwani inapoendelea kufunguka huku kilichomo kikiwa kimebadilika, kwa maana msomaji hapati dalili yoyote ya kumtahadharisha. Mwaka 2011 Jaji Samuel Alito wa Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi iliyohusu uuzaji wa michezo ya video kwa watoto, aliweka katika maoni yake rejeo la tovuti moja. Baadaye jina la kikoa lile liliachwa, likachukuliwa na mtu mwingine, na anayefuata rejeo hilo la jaji akakutana na ujumbe wa kejeli uliowekwa kuonyesha jinsi marejeo ya wavuti yasivyoaminika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walipochunguza hukumu za mahakama hiyo waligundua kwamba karibu nusu ya viungo vilivyotajwa ndani yake havikumfikisha msomaji tena kwenye habari iliyokusudiwa. Ikiwa mahakama yenye makarani, maktaba na bajeti ya kutosha imefikwa na hali hiyo, tasnifu ya mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret inayorejelea tovuti kumi au ishirini haiwezi kusalimika kwa bahati.

Sababu ya tatu ni uamuzi wa wenye mali. Kampuni ya GeoCities, iliyoanza mwaka 1994 na kuwapa watu wa kawaida nafasi ya bure ya kujitengenezea kurasa, ilinunuliwa na Yahoo mwaka 1999 na huduma yake ikafungwa nchini Marekani Oktoba 2009, na mengi ya yale yaliyookolewa yaliokolewa na wanaharakati wa kujitolea waliokuwa wakishindana na siku ya mwisho. Mwaka 2019 kampuni ya Myspace ilikiri kwamba muziki uliopakiwa na wanamuziki kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya 2016 ulikuwa umepotea wakati wa kuhamisha seva. Serikali nazo hutoa maamuzi yenye athari kama hiyo. Tanzania ilipotunga kanuni za maudhui ya mtandaoni mwaka 2018, zilizowataka wenye blogu na majukwaa ya mijadala kuwa na leseni ya kulipia, baadhi ya waandishi walisitisha kazi zao, na JamiiForums, jukwaa lililokuwa na mijadala ya Kiswahili ya miaka mingi, lilifungwa kwa muda mwezi Juni mwaka huo. Hata mabadiliko yasiyo na nia ya kuficha lolote huacha pengo: Kenya ilipopunguza wizara zake kutoka takriban 40 hadi 18 mwaka 2013, kila wizara iliyounganishwa na nyingine ilikuwa na tovuti, nyaraka na taarifa kwa vyombo vya habari ambazo mrithi wake hakulazimika kuzichukua.

Kazi ya kuhifadhi inavyofanyika

Juhudi za kuhifadhi wavuti zilianza mapema kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1996, miaka mitano tu baada ya Tim Berners-Lee kuitoa wavuti hadharani kutoka maabara ya CERN huko Uswisi, Maktaba ya Taifa ya Australia na Maktaba ya Kifalme ya Sweden zilikuwa tayari zimeanza kukusanya kurasa za nchi zao, na mwaka huohuo Brewster Kahle alianzisha Internet Archive huko San Francisco, taasisi isiyo ya kibiashara iliyokusudia kukusanya wavuti ya dunia nzima. Mwaka 2001 taasisi hiyo ilifungua kwa umma huduma ya Wayback Machine, ambayo humwezesha mtu yeyote kuandika anwani ya tovuti na kuiona ilivyokuwa siku za nyuma, na Oktoba 2025 ilitangaza kuwa imefikisha nakala za kurasa trilioni moja.

Kinachofanya kazi hiyo ni programu tambazi, yaani programu inayofungua ukurasa mmoja, ikaunakili, ikasoma viungo vyote vilivyomo, kisha ikafuata kila kiungo na kurudia kazi ileile. Nakala huwekwa katika faili la muundo uitwao WARC, uliokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2009 kwa namba ISO 28500, na ubora wake ni kwamba hauhifadhi maneno na picha tu, bali pia ombi lililotumwa kwa seva, jibu zima la seva, wakati halisi wa tukio, na muhtasari wa kihesabu ambao hubadilika ikiwa hata herufi moja ya nakala itaguswa baadaye. Anayetazama kwa makini anwani ya nakala katika Wayback Machine ataona katikati yake mfuatano wa tarakimu 14, ambazo nne za mwanzo ni mwaka, mbili zinazofuata mwezi, kisha siku, saa, dakika na sekunde. Kwa hiyo tarakimu 20150312081530 humwambia kwamba ukurasa ulinakiliwa tarehe 12 Machi 2015, saa mbili na dakika 15 na sekunde 30 za asubuhi, kwa saa za kimataifa zinazofuata majira ya Greenwich. Tarakimu hizo zina thamani kubwa kwa mwanahistoria na kwa wakili, kwani pale ambapo mwenye tovuti amebadilisha kauli yake, huthibitisha kwamba maneno fulani yalikuwapo hadharani katika sekunde fulani.

Hata hivyo, nakala hizo zina mapengo yanayopaswa kueleweka. Programu tambazi hufika pale tu palipo na kiungo, hivyo ripoti zilizomo ndani ya hifadhidata ambayo msomaji hana budi kuandika neno la utafutaji ili izitoe hubaki nje, sawa na yaliyofungwa kwa nywila. Video na ramani zinazobadilika kadiri mtumiaji anavyobofya hunakiliwa kwa shida, na wakati mwingine kinachobaki ni fremu tupu. Zaidi ya hayo, faili linaweza kuhifadhiwa salama na bado lisisomeke: teknolojia ya Flash, iliyotumika kutengenezea michezo na katuni nyingi za wavuti, iliachwa rasmi mwishoni mwa mwaka 2020, na tangu hapo kazi hizo hufunguliwa kwa msaada wa programu maalumu zinazoiga utendaji wa teknolojia iliyokufa. Kuhifadhi, kwa hiyo, ni kazi ya kudumu inayohusisha kukusanya, kukagua, kunakili upya na kutunza njia ya kusomea.

Upungufu unaoihusu lugha yenyewe

Utaratibu wa kufuata viungo una upendeleo usiokusudiwa na mtu. Tovuti inayotajwa na nyingine nyingi hufikiwa haraka na kunakiliwa mara kwa mara, na ile isiyotajwa na yeyote hufikiwa kwa kubahatisha au haifikiwi kabisa. Tovuti ya gazeti kubwa la kimataifa yaweza kunakiliwa mara nyingi kwa siku, ilhali tovuti ya halmashauri ya wilaya, ya chama cha ushirika cha wakulima wa korosho au ya mshairi wa Tanga aliyeweka diwani yake mtandaoni yaweza kuishi miaka minane na kufa ikiwa na nakala mbili za ukurasa wa mwanzo na si zaidi. Tena, mazungumzo mengi ya Kiswahili yamehamia katika mitandao ya kijamii na makundi ya WhatsApp, ambako programu tambazi haziruhusiwi kuingia, kwa hiyo pengo hilo huongezeka badala ya kupungua.

Historia ya fasihi ya Kiswahili inayo funzo lililo wazi juu ya jambo hili. Tendi nyingi za kale zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu hazikutufikia kwa nakala za watunzi wenyewe, bali kwa nakala za wanakili waliozirudia kizazi baada ya kizazi. Mmoja wao, Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, aliandika kwa mkono wake nakala za tenzi na mashairi kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya waliomwomba, wakiwamo Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, na sehemu kubwa ya kazi yake iko leo London na Ujerumani. Bila kalamu yake hasara ingekuwa kubwa, na heshima anayostahili haina shaka. Lakini waliogharimia kunakili ndio waliokuwa na sauti juu ya kipi kinakiliwe na wapi kitunzwe, na kwa miongo mingi mtafiti kutoka Lamu au Zanzibar alilazimika kuomba viza na nauli ili akasome maandishi ya babu zake.

Hali ya kurasa za wavuti inaelekea kufuata mkondo huohuo. Maktaba ya Bunge la Marekani, yenye ofisi jijini Nairobi tangu mwaka 1966, imejenga mkusanyo wa tovuti za wizara za serikali za Afrika Mashariki, na Internet Archive ina nakala za magazeti na majukwaa ambayo wenyewe wameshayafunga. Kazi hizo zinastahili shukrani za dhati. Jambo lisilofaa ni kwa serikali kumtegemea mgeni atunze kumbukumbu ya wizara zake, kwa kuwa mgeni huyo hukusanya kwa kufuata mahitaji ya wasomaji wake, na ana haki ya kuacha wakati wowote bajeti au sera yake inapobadilika.

Sheria iliyobaki kwenye karatasi

Nchi zilizofanikiwa kuhifadhi wavuti zao hazikuanza na kompyuta, zilianza na sheria. Mfalme Francis wa Kwanza wa Ufaransa aliamuru mwaka 1537 kwamba nakala ya kila kitabu kinachochapwa nchini mwake ipelekwe katika maktaba ya kifalme, na amri hiyo ndiyo asili ya utaratibu unaomlazimu kila mchapishaji kuwasilisha nakala ya kazi yake kwa taasisi ya taifa. Mwaka 2006 Ufaransa iliupanua utaratibu huo kwa sheria hadi kwenye wavuti. Uingereza ilitunga sheria mpya mwaka 2003, na kanuni zilizoanza kutumika Aprili 2013 zikaziruhusu maktaba zake kuu kunakili tovuti za nchi hiyo bila kuomba ruhusa ya kila mwenye tovuti. Mwaka huohuo wa 2003 UNESCO ilipitisha Mkataba wa Kuhifadhi Urithi wa Kidijitali, na maktaba za taifa kadhaa zikaunda umoja wa kimataifa wa kuhifadhi intaneti, ambao wanachama wake hushirikishana programu, ujuzi na mikusanyo.

Katika Afrika Mashariki wazo la kuwasilisha nakala si geni. Kenya inayo Sheria ya Vitabu na Magazeti, ambayo asili yake ni mwaka 1960, na Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ya mwaka 1975 iliipa maktaba ya taifa haki ya kupokea nakala za machapisho ya nchini. Sheria hizo zilibuniwa kwa ajili ya mchapishaji mwenye kiwanda, karatasi na ghala, na si kwa ajili ya taarifa ambayo haikuwahi kuguswa na wino. Marekebisho yanayohitajika si makubwa: ni kutamka kwamba chapisho ni pamoja na ukurasa wa wavuti uliowekwa wazi kwa umma, kwamba maktaba ya taifa ina ruhusa ya kuunakili, na kwamba taasisi ya umma haiwezi kuifunga tovuti yake kabla ya kukabidhi nakala kamili.

Zipo pingamizi za haki zinazohitaji kujibiwa. Ya kwanza ni hakimiliki, kwani anayeishi kwa kalamu yake ana sababu ya kuogopa kunakiliwa. Jibu la Uingereza limekuwa kuruhusu nakala zilizokusanywa kisheria zisomwe ndani ya majengo ya maktaba tu, isipokuwa mwenye kazi ameridhia zifunguliwe kwa wote. Ya pili ni faragha. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019 na Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na ni sawa kwamba kijana aliyeandika upuuzi akiwa na miaka 15 asifuatwe nao hadi uzeeni. Haki hiyo, hata hivyo, ni ya mtu binafsi katika mambo yake binafsi. Haimpi waziri ruhusa ya kufuta ahadi aliyoitoa hadharani, wala haiipi ofisi ya umma ruhusa ya kuondoa ripoti iliyoisema vibaya. Ya tatu ni gharama, na hapa njia ni kuchagua: nchi isiyoweza kukusanya kila kitu yaweza kuanza na gazeti la serikali, kumbukumbu za mabunge na mabaraza, ripoti za wakaguzi, magazeti ya Kiswahili, na tovuti za vyama na wagombea wakati wa uchaguzi, ambazo ndizo za kwanza kutoweka matokeo yakishatangazwa.

Nakala nyingi, mahali pengi

Matukio ya hivi karibuni yameonyesha kwamba hata mtunzaji mkubwa hatoshi akiwa peke yake. Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza ilishambuliwa na wahalifu wa mtandaoni, na hifadhi ya wavuti ya nchi hiyo ikakosa kupatikana kwa muda mrefu. Oktoba 2024 Internet Archive ilishambuliwa pia, taarifa za akaunti milioni 31 za watumiaji wake zikaibwa na huduma zake zikasimama kwa siku kadhaa. Mwezi mmoja kabla ya hapo ilikuwa imeshindwa katika mahakama ya rufani na wachapishaji wanne wakubwa walioishtaki kuhusu uazimaji wa vitabu. Kinga inayojulikana na wataalamu ni moja, nayo ni kuwa na nakala nyingi katika mikono tofauti, chini ya sheria tofauti na katika majengo yaliyo mbalimbali. Bara la Afrika lina mfano wake mwenyewe: tangu mwaka 2002 Maktaba ya Alexandria nchini Misri imekuwa ikitunza nakala ya mkusanyo wa Internet Archive, jambo linalothibitisha kwamba kazi hii inawezekana barani humu pakiwa na nia na mipango.

Wakati sheria zikisubiriwa, wapo wanaoweza kuanza leo. Mhariri wa gazeti na mwandishi wa tasnifu wanaweza kuhifadhi kila ukurasa wanaourejelea kwa huduma ya Wayback Machine ya kunakili ukurasa papo hapo, ambayo haina malipo, kisha wakaandika katika marejeo yao anwani ya asili pamoja na ile ya nakala. Chuo kikuu chaweza kuifanya hatua hiyo kuwa sharti la kupokea tasnifu. Idara za Kiswahili na vyama vya waandishi vinaweza kuorodhesha tovuti za lugha hii, kuziunganisha kwa viungo ili zifikiwe na programu tambazi, na kutumia zana za mradi wa Webrecorder, ambazo hunakili ukurasa jinsi msomaji anavyouona katika kivinjari chake, zikiwamo sehemu ambazo programu tambazi za kawaida huziacha. Mafundi wa ofisi za umma wanaweza kuzingatia kanuni moja nyepesi, kwamba tovuti mpya isizinduliwe mpaka kila anwani ya zamani iwe inamwelekeza msomaji mahali nyaraka zilipohamia.

Hatua hizo zote ni za muda, kwa kuwa bidii ya watu binafsi hukoma wanapochoka, wanapohama au wanapofariki. Maktaba za taifa na idara za nyaraka za Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi na Kampala ndizo zenye uhai mrefu kuliko watumishi wake, na ndizo zinazopaswa kupewa amri, watu na fedha za kuifanya kazi hii mwaka hadi mwaka. Tovuti inayofungwa leo bila nakala hairudishwi na bajeti ya kesho, hata iwe kubwa kiasi gani, na kila kikao cha bunge kinachopita bila kuzigusa sheria za karatasi kinakubali, bila kutamka, kwamba sehemu ya maandishi ya Kiswahili ya karne hii haitasomwa na wajukuu wa walioyaandika.